Jedwali la Mtu Mmoja

Kwa heshima na taadhima, umma wa Tanga ulitangaziwa kwamba Wakala wa Uratibu wa Vivuli vya Umma, wenye makao yake Nguvumali, utakuwa taasisi ya kwanza pwani nzima kuwafichua wafanyakazi hewa kwa kompyuta. Tangazo lilisainiwa na Mkurugenzi Mkuu, Mheshimiwa Methusela, likabandikwa hata kwenye miti ambayo vivuli vyake vilikuwa bado havijaratibiwa.

Kazi yenyewe akatupiwa Shadya, binti wa Ngamiani, mtaalamu pekee wa hifadhidata pale wakala. Mkataba wake ulikuwa unakwisha Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mkurugenzi alishamwambia kwa simu kwamba ripoti ikipendeza atasaini mpya, isipopendeza akakaange mihogo. Shadya hana ugomvi na mihogo, ila ada ya shule ya wadogo zake wawili ilikuwa inamnyima usingizi.

Akatengeneza jedwali la wafanyakazi wote sitini na mmoja, kila mtu na mstari wake, kwa mpangilio wa alfabeti. Kisha akaandika swali la kuuliza mfumo: nani analipwa mshahara na benki lakini hayumo kwenye jedwali la wafanyakazi? Huyo ndiye hewa. Mkurugenzi aliipenda tafsiri hiyo hadi akaitolea waraka, kana kwamba kaiota mwenyewe. Alipotumiwa nakala ya jedwali, akapiga simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hivi, binti, mimi nimekaa wapi humu?"

"Mstari wa thelathini na nne."

"Juu yangu nani?"

"Mboni, mfagizi."

"Na chini?"

"Mwinyijuma, mlinzi wa getini."

"Nitoe hapo. Nitengenezee jedwali langu peke yangu."

"Mzee, lakini ule waraka wako..."

"Waraka ni wa wafanyakazi. Mimi ni kiongozi."

Shadya si mjinga. Akaomba agizo hilo kwa maandishi, likaja na mihuri miwili.

Siku ya uzinduzi ukumbi ukakodiwa, soda zikamwagwa, na mgeni rasmi akaletwa kutoka wizarani. Shadya akabonyeza. Kwenye kioo kikubwa pakatokea: wafanyakazi hewa, mmoja. Methusela, Mkurugenzi Mkuu. Mtu wa nyuma akapiga makofi kwa mazoea.

Mgeni rasmi akasimama, akampa Mkurugenzi mkono. "Wenzako huficha. Wewe umejifichua mwenyewe. Taifa linajifunza." Kwa mujibu wa waraka, mshahara wake ukasimamishwa saa ileile, mpaka mtumishi mwenzake athibitishe kwa saini kuwa amemwona kazini.

Wakaanza na Mwinyijuma, mwenye miaka kumi na tisa getini bila kukosa hata siku moja.

"Gari lake nalijua sana," alisema. "Huja kila Alhamisi kuchukua bahasha ya posho. Mwenyewe, wallahi, sijapata kumwona." Wengine nao, mmoja mmoja, wakasema hivyohivyo.

Shadya akapiga hesabu. Saini ya mtu hewa haitambuliki, kwa hiyo mkataba wake hauna wa kuusaini. Na mkataba ukishakufa, hapatakuwa na mtu wa kumrudisha Mkurugenzi kwenye jedwali. Watakufa wote wawili, mmoja kwa njaa na mwingine kwa kukosa posho.

Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi, Mkurugenzi akafika kwa miguu. Mwinyijuma akamwomba kitambulisho, akamwandika kwenye daftari la wageni, akamkagua mfuko, akamsindikiza hadi kwa Shadya, na huko akasaini fomu: amemwona, leo.

"Niingize, mwanangu," alisema Mkurugenzi.

"Nafasi ni ileile, mzee. Kati ya mfagizi na mlinzi."

"Hata hapo pazuri."

Shadya akamwingiza, kisha akasogeza mkataba mezani. Mkurugenzi akasaini miaka mitatu bila kusoma. Shadya aliona raha mpaka vidole vya miguu, lakini uso wake ukabaki wa kiofisi.

Mkurugenzi akanyoosha tai, akatoka. Baada ya dakika moja akarudi, akashusha sauti.

"Samahani, ofisi yangu ni ipi?"

"Ya mwisho kushoto, mzee. Subiri kidogo, Mboni atoe mifagio."