Jinsi Nilivyoiokoa Seva ya Ghala la Dawa

Jumatatu, 9 Machi

Mkewe Miwani kajifungua! Miwani ndiye fundi mkuu wa seva, mwenye vyeti ukuta mzima, na sasa yuko likizo siku nne. Seva ya ghala zima imebaki mikononi mwangu, mimi niliyeishia kidato cha pili. Mungu si Athumani.

Bosi wetu, Mama Mihuri, kasema nisiguse kitu. Ijumaa ataamua kama nabaki kazini, au majaribio yameisha na mimi nimeisha nayo. Nikaitikia: ndiyo mama, sigusi.

Saa nane nikagusa. Masasisho saba ya programu yalikuwa yanangoja. Saba! Miwani huweka moja, hungoja siku mbili, ndipo aweke jingine, kama anayemlisha mgonjwa uji. Mimi nimeyamwaga yote kwa mpigo. Seva haikukohoa hata kidogo.

Nikayaandika kwenye daftari la seva, lile lililofungwa mnyororo mlangoni. Miwani huandika kila sasisho na saa lilipoingia, mwandiko wa kuku kaparua. Mimi nimeyapanga kwa alfabeti, wino mwekundu, mistari kwa rula. Limependeza mpaka unataka kulibusu.

Jumanne, 10 Machi

Printa inatoa lebo tupu. Nyeupe pe! Maboksi ya dawa yamejaa mlangoni, hakuna anayejua lipi ni la zahanati gani. Magari manne yamesimama. Dereva wa gari la mbele kaniuliza kama hizi ni dawa za kumeza au za kubahatisha. Nikamwambia mitambo hii ni mambo mazito. Akajibu uzito anauona, ila si kichwani mwangu.

Mama Mihuri hakufoka. Afadhali angefoka. Kasema kwa upole kwamba Alhamisi ikifika saa sita mchana bila lebo, nichukue begi langu, naye atampigia mama yangu simu, maana ndiye aliyeniombea kazi. Nifukuzwe, sawa. Lakini mama aambiwe?

Hofu ya nini, hata hivyo? Kilichoingia hutolewa.

Jumatano, 11 Machi

Nimeanza kuyaondoa masasisho kwa kufuata daftari, kuanzia mstari wa mwisho kwenda juu, kama Miwani afanyavyo. La kwanza likatoka. La pili likatoka na roho ya seva. Haimjui mtu! Mama Mihuri kaandika nywila yake mara tatu, kaambiwa hajulikani. Ana miaka kumi na tisa hapa.

Nikameza kiburi, nikampigia Miwani. Akauliza nimeondoa kwa mpangilio gani. Nikasema kwa fahari: alfabeti. Hata kichanga kilichokuwa kinalia nyuma yake kikanyamaza.

Kisha akanieleza polepole. Lililoingia mwisho ndilo hutoka kwanza, maana limeegemea yaliyotangulia. Ukichomoa tofali la chini, ukuta unakuangukia. Akataka saa za kuingia. Sikuziandika, zingeharibu mistari.

Akashusha pumzi. Basi, kasema, tuache kuondoa moja moja. Nakala ya seva nzima ya Jumapili iko kwenye kabati la chuma. Nianze kwa kuhifadhi pembeni oda zilizoingia tangu Jumatatu, maana nakala haizijui. Nakala niijaribu kwenye mashine ya akiba, nichape lebo moja. Ikikubali, ndipo niisogelee seva. Na kila hatua nimpigie.

Nimempigia mara kumi na moja. Mara ya saba akapokea mkewe, akasema shemeji, hata huyu mtoto analala kidogo.

Alhamisi, 12 Machi

Saa tano na dakika arobaini! Printa ikakoroma, ikatema lebo. Dawa, zahanati, tarehe, vyote! Nimeruka mpaka nikagonga taa. Mama Mihuri kakagua maboksi ishirini, hakuna kosa. Oda zote zipo. Magari yakaondoka, nami mlangoni nawapungia madereva kama rais.

Sikuwa mchoyo wa sifa. Nimewaambia wote kwamba Miwani naye alisaidia kidogo kwa simu.

Ijumaa, 13 Machi

NIMEBAKI! Barua ina mihuri miwili. Mama Mihuri kasema nikielekezwa naelekezeka, kwa hiyo miezi mitatu zaidi, chini ya Miwani, na nisiguse seva asipokuwepo. Mimi nilisikia neno nimebaki, mengine yakapita na upepo. Mama yangu keshawatangazia majirani kwamba mimi ndiye mkuu wa mitambo. Sikumbishia. Mzazi habishiwi.

Ila binadamu hawana shukrani. Kufika saa saba hakuna tena anayesimulia habari zangu. Shujaa wa jana leo katumwa tawi la pili kupeleka karatasi za lebo!

Huku kila kitu kinakwenda sawasawa. Lebo zinatoka, watu wanacheka, hakuna anayenijua. Inasikitisha. Fundi wao kaenda kula, kiti chake bado cha moto. Nimechungulia: masasisho tisa hayajawekwa.

Nimeketi. Jumatatu watanijua.