Vipimo vya Shokapu za Kifaru

Jumatatu, 5 Agosti 2024
Jumamosi Nasrin, mtoto wa dada yangu, anaolewa. Kaomba nimpeleke mimi kwa mumewe Mafinga. Mimi, mjomba wake! Kwa Kifaru, gari langu la mwaka 1984, lililomaliza mashimo yote ya Chunya. Kasoro moja tu: shokapu za nyuma zimekufa. Akipita tuta, anarukaruka mpaka tuta linalofuata. Shamsudin, baba mdogo wa bibi harusi, kashaosha gari lake jipya. Anasema bibi harusi si gunia la viazi. Tutaona.

Jumanne, 6 Agosti
Mwanjelwa yote hakuna shokapu za Kifaru. Liberatus wa Iringa anazo za kila urefu, anataka vipimo. Fundi Rabson kanishauri nipime mara tatu: gari likiwa tupu, tairi likining'inia, tairi likibanwa juu. Mara tatu! Fundi asiyejiamini huyo. Shati hupimwa kwa mvaaji, basi gari lipimwe likiwa na abiria wake. Nikawapandisha nyuma mashangazi sita wa bibi harusi, dada zake Shamsudin, tena wakiwa wameshiba. Kifaru akatulia chini. Nikaingia uvunguni na futi. Sentimita thelathini na nane. Bi Bibie, mkubwa wao, akauliza kama watashuka leo. Nikamwambia kazi ya vipimo haitaki papara.

Alhamisi, 8 Agosti
Shokapu zimefika kwa basi. Nyekundu! Rabson kahangaika saa nzima, hazifiki kwenye bolti. Eti fupi. Nikawafuata mashangazi waliokuwa wanachambua mchele, wakaja na sinia zao, wakakaa. Bolti zikaingia zenyewe! Rabson akaonya kwamba uzito ukitoka tu, springi zitainua gari na kung'oa kila kitu. Wivu. Hata hivyo nimechukua tahadhari. Kila shangazi aliposhuka, nilipandisha gunia la mchele wa harusi. Akili ni mali, na ninayo.

Jumamosi, 10 Agosti
Nilikuwa navaa kanzu. Nikasikia paa! Halafu paa nyingine. Wapishi walikuwa wameshusha mchele wa pilau. Wote! Kwa ruhusa ya nani? Kifaru kainuka, kang'oa vyuma vya shokapu pande zote mbili.
Nasrin kapanda gari la Shamsudin. Akateremsha kioo, machozi yanamlengalenga.
"Mjomba, nilitaka unipeleke wewe."
Wakaondoka. Nilibaki getini na kanzu yangu mpya. Iliniuma sana.

Jumapili, 11 Agosti
Nimetafakari. Vipimo vilikuwa sahihi. Kosa ni la wapishi.
Rabson kaja kuchomelea, akarudia hadithi yake ya mara tatu. Nikamwitikia kwa heshima tu. Mchana Nasrin kapiga simu. Kasema Mungu akimjalia mtoto, arobaini ikiisha, wa kumleta nyumbani ni mimi, si mwingine. Nililia kidogo, kisha nikampigia Liberatus. Nimeagiza nyingine, urefu uleule.
Mashangazi nao nimewaomba, kwa adabu zote, wasipungue mwili mpaka siku hiyo.