Matone Matano ya Mafuta ya Moshi

Jumanne, 4 Machi
Mke wangu anakuja Jumapili kuchukua cherehani yake ya mkono. Huu ni mwezi wa nne tangu aende kukaa kwa dada yake. Mpango ninao: akiingia, atakuta kitreni changu cha kuchezea kinazunguka mezani kikifuka moshi. Tulionana mara ya kwanza stesheni, moshi umetanda, yeye anakohoa. Akiuona moshi atakumbuka. Akikumbuka, cherehani haiendi popote.
Maelezo ya kitreni yanasema matone matano ya mafuta ya moshi kwenye dohani, kile kibomba cha juu. Nikatia ishirini. Mke wangu nimfanyie ubahili? Dohani ikatema mafuta kwenye kitambaa cha meza. Moshi hakuna.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekipeleka kwa jirani, fundi saa. Naye ana kitreni, kinafuka vizuri, na hachoki kunionyesha. Akasema, kwa upole wa kuudhi, kwamba nimeuzamisha utambi. Mafuta yakizidi, waya wa ndani haupati joto. Akayanyonya kwa bomba la sindano. Akaniusia nisikiwashe kikiwa kikavu, na nisitie kitu kingine chochote. Nikamshukuru shingo upande.

Jumamosi, 8 Machi
Kinafuka! Uzi mwembamba wa moshi ulipanda hadi kwenye kalenda, ambayo bado iko Novemba. Nikautazama mpaka ukakatika. Nimemkumbuka, nifiche nini. Hata kikohozi chake.
Mafuta yameisha kwa majaribio. Kabatini kuna manukato yake, yamebaki kidogo chini ya chupa. Hapo nikapata wazo.

Jumapili, 9 Machi
Kaja saa kumi. Nikawasha. Dohani ikatoa mwali wa bluu, harufu ya nywele zilizoungua, basi. Waya umekufa.
Akacheka mpaka akakaa, kwenye kiti chake kilekile. Akauliza kama kuna chai, nikamimina vikombe viwili. Akasema cherehani ni kisingizio tu. Alitaka tuzungumze, sisi wawili, treni imezimwa. Nikamwambia anipe dakika mbili, nikakimbia kwa fundi saa kuazima waya. Tukabishana kidogo kuhusu matone.
Niliporudi, kikombe chake kilikuwa kitupu, changu kimepoa. Cherehani haipo.
Lakini mkasi wake kausahau. Lazima ataufuata. Waya mpya nimeshaufunga. Safari hii natia matone kumi.