Hotuba ya Shukrani Niliyoiandika Kabla Mgeni Hajasema

Leo nimepata aibu ya karatasi tatu, pande zote mbili. Na siwezi kumsingizia mtu, maana mwandiko ni wangu. Nawaandikia hapa kwenye simu, kipande kwa kipande.

Wengi wenu mnajua kwamba niko kwenye klabu ya watu wanaopenda nyota hapa Kisangani. Kwa wasiojua: tuko watu kama thelathini, tunakutana kwenye ukumbi wa parokia moja huku Tshopo, tunazungumza habari za mwezi na sayari, tunakunywa soda, tunarudi nyumbani. Mimi cheo changu ni mshauri wa vifaa. Maana yake nina jenereta. (Siku jenereta itakapokufa, cheo nacho tutakizika.)

Darubini hatuna. Huwa tunatazama picha tu. Sasa wiki iliyopita présidente wetu, Maman Béatrice, akatutangazia kwamba Jumamosi anakuja mgeni kutufundisha: Mwalimu Bahati, mzee aliyefundisha fizikia Goma miaka mingi, akakimbia vita akiwa na mfuko mmoja wa nguo na darubini yake. Anakwenda kwa mtoto wake Kinshasa. Atashuka na mto kwa baleinière, ile mashua ya mbao ya mizigo, juu ya magunia ya mahindi, mvua ikimnyeshea, na safari ya namna hiyo inaweza kuiua darubini hata kabla ya kufika Isangi. Kwa hiyo ataiacha kwa mmoja wetu mpaka vita viishe. Atamchagua mwenyewe baada ya mafundisho.

Ndugu zangu, hiyo darubini niliitaka. Sifichi. Tangu vita vipambe moto huko mashariki, watoto wangu wakisikia mvumo wa ndege angani wanaingia chini ya meza. (Mara moja niliwafuata. Meza ni ndogo.) Nilitaka waangalie juu kwa furaha, kama nilivyokuwa nikiangalia mimi nilipokuwa mdogo. Tena nina duka la misumari na mabati lenye mlango wa chuma na kufuli mbili. Aliyekuwa anashindana nami ni Maman Sifa, mshonaji, ambaye mlango wake anaufunga kwa kipande cha kitenge. Nikajiona nimeshashinda.

Ili nishinde vizuri zaidi, nikamwomba Maman Béatrice anipe mot de remerciement. Desturi yetu mnaijua: mkutano usio na hotuba ya kumshukuru mgeni haujafungwa, watu hawainuki hata kama njaa inawauma. Akakubali. Mada ilikuwa pete za sayari ya Saturne. Nikasoma habari za Saturne kwenye simu, nikaandika siku tatu. Niliandika jinsi mgeni alivyotugusa, jinsi alivyotufundisha, na pale nilipotokwa na machozi. (Ndiyo. Machozi ya Jumamosi niliyatoa Jumatano.)

Leo saa nane mchana nikafika na koti langu la harusi, mimi kwenye toleka moja, baiskeli ya abiria, jenereta kwenye toleka nyingine. Mwalimu Bahati alikuwa ameshafika, mzee mwembamba, mpole, darubini iko mezani imefunikwa kitambaa. Nikamsalimia kwa mikono miwili.

"Mwalimu, mimi ni Kambale. Niko na mulango ya chuma."

Akanitazama kidogo. "Bon," akasema. "Hongera, papa."

Tukasali. Maman Béatrice akasimama kumkaribisha mgeni, hata hajamaliza kutaja jina lake, umeme ukakatika.

"Papa Kambale," akasema bila hata kugeuka, "groupe."

Nikatoka. Jenereta ikawaka, ikakohoa, ikazima. Petroli ya chupa niliyonunua kando ya barabara ilikuwa imechanganywa maji. Nikagundua kwamba nikichuchumaa na kubana kishikio cha petroli kwa kidole, inaenda. Nikiachia, inakufa, projekta inakufa nayo, na mtu anatoa kichwa dirishani: "Papa Kambale, tuko mu giza!" Basi nikachuchumaa saa nzima, na koti la harusi, kwenye makelele ambayo hata mawazo yangu sikuyasikia. Nilichukua kitambaa mfukoni nikawa nafuta mafuta mikononi. Mafundisho sikuyasikia hata neno. Lakini sikuwa na wasiwasi, hotuba ilikuwa mfukoni.

Karibu na mwisho nikaona watu wote wametoka upande wa pili wa uwanja na darubini, wameinamia karatasi nyeupe chini. Nikasema moyoni: wanapima mahali pa kuisimamisha.

(Nimekuja kuelezwa baadaye. Siku hizi, kwa hofu ya hizo ndege, hakuna anayetaka kukaa nje giza likiingia, kwa hiyo mgeni alibadilisha mada palepale mwanzoni. Alifundisha jua. Na saa nzima alirudia jambo moja mpaka watu wakalikariri: jua halitazamwi kwa macho, ukilitazama unapofuka, tunaangalia sura yake ambayo darubini inaitupa kwenye karatasi, basi. Mimi nilikuwa na Saturne yangu mfukoni.)

Makofi. Naitwa. Nikaingia, nikasimama mbele, nikafungua karatasi, nikatoa sauti ya redio.

"Mwalimu mpendwa. Kitu ulichotuonyesha leo, wengi wetu tulikuwa tunakiogopa bure."

Vichwa vyote vikainuka. Nikafurahi.

"Leo hofu imekwisha. Nikirudi nyumbani nitawatoa watoto wangu wote uani. Nitawaambia: inueni vichwa, kitazameni, mkikodolee macho, msipepese, mpaka mshibe!"

Minong'ono ikaanza. Nikajua nimewagusa. Nikapandisha sauti.

"Na watoto wa majirani nitawaita!"

Mwalimu Bahati akainuka nusu. "Papa, hapana. Ngoja kwanza."

Sasa sikilizeni. Wageni wetu wote wakisifiwa hukataa sifa, ni adabu. Hilo nilikuwa nimelitegemea. Nilikuwa nimeliandikia jibu, karatasi ya pili, juu kabisa.

"Usikatae, Mwalimu," nikasoma. "Ni wewe mwenyewe umetufundisha hivyo."

Mzee akakaa chini kama mtu aliyepokea simu mbaya. Mimi nikawa nimefika kwenye machozi. Nikatoa kitambaa, nikajifuta jicho la kulia polepole, ili wote waone. Kitambaa kilikuwa kile cha jenereta. Mafuta yakaingia ndani ya jicho. Ndugu zangu, machozi yakaja ya kweli, jicho likajifunga lenyewe, na shavu lote likawa jeusi.

Maman Sifa ndiye aliyeruka wa kwanza.

"Yesu! Ameshaangalia! Jicho imeungua!"

Kufumba na kufumbua nimelazwa juu ya benchi. Mmoja ameshika miguu, mwingine ananimwagia soda maana maji yalikuwa mbali. (Fanta. Kwenye koti la harusi.) Maman Béatrice anauliza nani ana namba ya mke wangu. Mwalimu Bahati akapiga magoti pembeni yangu, akanifungua kope taratibu.

"Papa, unaona vidole ngapi?"

"Viwili, Mwalimu. Ni mafuta ya groupe tu."

"Hukuangalia?"

"Nitaangalia nini mchana huu? Na hata kama ningeangalia, Mwalimu, Saturne iko mbali, haiunguzi mutu."

Hata aliyeshika miguu akaiachia.

"Saturne gani, papa?" mzee akauliza.

Nikamnyooshea karatasi. Akazisoma zote tatu, pande zote mbili, pale pale chini alipopiga magoti. Alipofika kwenye machozi mabega yakaanza kucheza. Akacheka mpaka akakaa sakafuni, na ukumbi mzima ukacheka naye, na Maman Béatrice, mtu ambaye sijawahi kumwona akicheka hata harusini, akatoka nje kwenda kushika ukuta.

Akainuka, akajipangusa, akachukua darubini na kitambaa chake, akamwekea Maman Sifa mikononi.

"Huyu mama aliandika yote nilisema," akawaambia watu. Kisha akanirudishia karatasi zangu kwa heshima, mikono miwili. "Na huyu papa aliandika yote sikusema. Mulango ya chuma ni muzuri, papa. Lakini masikio inatangulia."

Iliniuma. Nasema kweli, iliniuma kuliko jicho. Nikafungasha jenereta yangu, nikawa natafuta toleka, Maman Sifa akanifuata na darubini kifuani kama mtoto mchanga.

"Papa Kambale, lete batoto kwangu kesho, siku ya Mungu, jua ikianguka. Tutaangalia mwezi. Banaweza kuja wote." Akafikiri kidogo. "Ile discours, uiache ku nyumba."

Nitakwenda. Nitakaa nyuma, nitafunga mdomo, nitasikiliza mpaka neno la mwisho. Na ninyi wanne mlionitumia "pole sana, Mungu atakuponya jicho" kabla sijamaliza hata kuandika: nimewaona, na klabu yetu inatafuta watu wa hotuba.