Makinda Sita Ubaoni

Jumatatu, 3 Machi
Wameanguliwa! Nimesikia milio ndani ya kisanduku nilichowatundikia shomoro juu ya dirisha la jikoni. Sikuchungulia. Mtu wa hadhi yangu hapandi ngazi kwa jambo analoweza kulikadiria akiwa amesimama. Nimekwenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa Chama cha Walezi wa Ndege, nikaandika ubaoni, kwa mwandiko safi: makinda sita. Mfamasia, mpinzani wangu chamani, ana wanne. Alisoma, akasoma tena, akanipongeza kama aliyemeza dawa yake mwenyewe. Jumamosi ni uchaguzi, na kanuni yetu ni moja: mwenye makinda wengi ndiye mwenyekiti.

Jumanne, 4 Machi
Nimepanda ngazi. Watatu. Nimehesabu upya kuanzia upande wa pili. Watatu. Mke wangu, aliyeishika ngazi, akasema, shuka baba watoto, hao hawaongezeki kwa kukodolewa macho.

Jumatano, 5 Machi
Mfamasia ameomba kamati ikague visanduku vyote kabla ya kura. Ameomba kwa upole mno. Fitina tupu! Nimetafakari hadi adhuhuri, nikapata: kioo. Kioo cha mke wangu cha kujipambia, kikisimamishwa nyuma ya kiota, huwafanya watatu kuwa sita. Si uongo, ni elimu ya mwanga. Kimekaa barabara.

Alhamisi, 6 Machi
Shomoro dume amemkuta dume mwingine nyumbani kwake. Anampiga tangu alfajiri. Jike analeta viwavi peke yake, na kila akifika mlangoni anasukumwa na mumewe. Kufikia alasiri milio imefifia. Mke wangu aliniuliza kama uenyekiti unaliwa. Nilimjibu kwamba suala hilo lina pande mbili. Akasema upande mmoja unakufa njaa.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi kinda mdogo hakuinua kichwa. Nimekitoa kioo. Nimemrudishia mke wangu, bila shaka ni kwa kuwa alikihitaji. Baada ya nusu saa dume akaleta kiwavi. Saa sita nilisikia milio mitatu. Nimeisikiliza hadi chakula changu kikapoa.

Jumamosi, 8 Machi
Mfamasia ndiye aliyepanda. Akatangaza watatu, kwa sauti iliyofika mtaa wa pili. Nilikuwa na hotuba ya shukrani. Nikaigeuza papo hapo kuwa hotuba juu ya makosa ya chaki. Katibu akauliza ni chaki gani hiyo, mzee wangu, inayojua kujumlisha tu. Walicheka hadi ngazi ikatikisika. Mfamasia ni mwenyekiti. Mke wangu alisema walau midomo yote mitatu iko wazi, minne ukihesabu na wako.

Jumapili, 9 Machi
Mwenyekiti, kwa huruma inayoudhi, amenikabidhi kiota cha njiwa kilichoko juu ya mlango wa ukumbi. Nimpelekee idadi ya mayai. Nimesimama chini, nikatazama juu kwa makini. Njiwa amekaa. Njiwa hutaga mawili. Nimeandika mawili. Kisha, kwa kuwa huyu ni mnene kuliko wenzake, nikaongeza la tatu.