Ivonete na Kutekwa kwa Kipandio cha Shubiri Moja

Sogeeni, enyi wenye mabega mazima, mketi pamoja na wenye mabega yanayouma, msikie habari ya Ivonete Bortoluzzi wa mji wa Chapecó, mpasua mapaja elfu, simba jike mwenye kimo cha pipa, na siku aliyoteka kipandio cha plastiki chenye urefu wa shubiri moja.

Ivonete alikuwa shujaa, lakini meza za kiwanda cha kuku zilitengenezwa kwa ajili ya majitu. Miaka sita kuku walimjia wakining'inia mnyororoni, jeshi lisilo na vichwa wala mwisho, naye akawakabili kisu mkononi na viwiko hewani, kama mtu anayeomba dua isiyojibiwa. Bega lake la kulia likaasi. Kwanza lilinung'unika, kisha likapiga mayowe, mwishowe likakataa katakata kupandisha chanuo kichwani. Na yule jemadari wa mapaja akawa anachanwa nywele na mumewe Nereu, fundi wa matrekta, aliyechana kama anayepalilia mahindi.

Daktari akasema, "Ukiendelea kuinua mikono hivyo, bega hilo tutalipasua."

Basi akaomba kipandio cha kukanyagia mbele ya meza. Aliomba miezi saba. Alijaza fomu, kisha akajaza fomu ya kuulizia ile fomu. Na asubuhi hiyo kikafika, cha kijivu, kitukufu kuliko kiti cha enzi. Kabla hajakikanyaga kengele ya mapumziko ikalia. Akaenda msalani, akarudi, kipandio hakipo.

Alikikuta chumba cha mapumziko, chini ya makalio ya Zanella mnoa visu, mlima wenye masharubu. Zanella alikuwa anamimina chimarrão, ile chai chungu ya majani, chupa ya maji moto kwapani na kibuyu mkononi, na watu thelathini wamemzunguka.

"Zanella, inuka. Hicho changu."

"Salamu kwanza, dada. Huoni namimina?"

Hapo ndipo ilipokuwa ngome. Kwa watu wale, anayemimina ndiye mwenye baraza, wala hainuliwi mpaka chupa ikauke. Chupa ilikuwa ya lita mbili. Zilibaki dakika sita za mapumziko.

"Nimekingoja miezi saba," Ivonete akasema. "Nisipopanda leo, nitasimama tena na mikono juu kama niliyekamatwa na polisi, na hili bega litaishia kwenye kisu. Wewe una viti vyote hivi."

"Vya chini vyote vimekaliwa, na vya juu vinaning'iniza hata miguu yangu. Nami nina mgongo, dada. Visu mia mbili kila siku, nimeinama. Bega na mgongo, nani mkubwa?"

"Mwache anywe," akasema mama Lurdes, mkongwe wa idara ya mabawa. "Kwani ukipanda hapo utaonekana? Sisi tumezoea kusikia sauti tu."

Baraza likacheka. Ivonete akapima vita. Kumvuta? Bega lake halikuweza kuvuta hata soksi. Kumsihi? Amekwisha kumsihi. Ndipo akakumbuka silaha ambayo kiwanda chenyewe kiliwapa. Kila siku, saa tatu na saa nane, kinanda cha mkono hulia kwenye vipaza sauti, na wafanyakazi wote husimama kunyosha viungo visije vikaoza. Miaka yote hiyo walisimama kwa mlio wa kwanza, hata wenye kusinzia, hata wenye tonge mdomoni.

Akafumba midomo, akauimba ule wimbo kwa pua.

Baraza zima likasimama. Zanella naye akapaa kama mlima uliochoka kukaa, chupa kwapani, mkono wa kushoto umenyanyua kibuyu mpaka darini.

"Saa haijafika," akasema, mkono ungali juu. "Nani kapiga muziki?"

"Moja," akasema Ivonete, kipandio tayari kwenye kwapa lake zima. "Mbili. Nyosha vizuri, mzee, huo mgongo."

"Tatu," akadakia mama Lurdes. "Nne." Maana ukishaanza, huachi njiani.

Shujaa akakiosha kipandio pale panapooshwa mabuti, akakitua mbele ya meza, akapanda. Mnyororo ukaguna, kuku wakaja. Na kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kijengwe walimjia usawa wa tumbo, wakiwa na adabu. Viwiko vyake vikashuka, vikatulia mbavuni kama njiwa wawili waliorudi kiotani.

Andikeni, enyi waandishi wa falme: wiki ya kwanza chanuo lilifika sikioni, wiki ya tatu, utosini. Zanella alijaza fomu ya kiti kifupi, na angali anangoja. Na Nereu, alipoingia asubuhi moja na chanuo lake la kupalilia, alimkuta mkewe amekwisha kusuka nywele.

"Nani kakuchana?"

"Mimi," akasema Ivonete.

Nereu akamzunguka mara mbili, akitafuta kosa, asilione.