Ombi la Kurudishiwa Petrik Upande Wangu wa Barabara

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Mipaka ya Majimbo ya Uchaguzi,

Poleni na kazi ya kuchora. Mimi ni Orrin Haugen, mfugaji wa ng'ombe, Kaunti ya Sorrel. Jimbo letu la uchaguzi ukianza kulivuka kwa gari alfajiri, jua linazama hujafika ng'ambo. Ukubwa silalamikii. Nalalamikia mstari wenu mpya, ulioshuka katikati ya barabara yetu ya changarawe na kumtupa jirani yangu, Emil Petrik, katika jimbo jingine.

1. Petrik na mimi ni wa vyama viwili visivyopikika chungu kimoja. Kila uchaguzi nampitia kwa gari, maana macho yake yamepungua, tunakwenda kupiga kura kwenye ukumbi wa kanisa. Kura yangu inaua yake, yake inaua yangu, kisha tunakula pai. Njiani huniambia, "Orrin, geuza gari tukalale, tunachoma mafuta bure." Namjibu, "Anza wewe kubaki nyumbani, mzee, uone nchi itakavyonyooka." Sasa yeye anapigia kaskazini, mimi kusini. Kura yangu itaua ya nani?

2. Katika jimbo langu jipya chama changu kitashinda hata kikisimamisha mbuzi. Kwa Petrik, chake vivyo hivyo. Mbunge asiye na hofu nasi atafuata nini huku? Yule wa zamani alikuja mara moja, kwenye maonyesho ya mifugo, akasifu mahindi yetu. Hatulimi mahindi. Lakini alikuja.

3. Posta yetu inataka kufungwa. Mlango uko kwa mbunge wangu, kaunta iko kwa mbunge wa Petrik. Kila ofisi yao huko Washington inatuelekeza kwa mwenzake, kwa adabu sana.

4. Mstari huohuo umejipinda kama utumbo wa ng'ombe ili kuikwepa nyumba ya mheshimiwa fulani. Kwa hiyo kupinda mnajua. Pindeni tena, upana wa kibaraza kimoja tu, Petrik arudi. Ikishindikana, nipeni kibali niikokote nyumba yake kwa trekta. Ni ya mbao, na marehemu mkewe, Agnes, hayupo tena wa kulalamikia vyombo.

Msalimieni kila mmoja hapo ofisini, hasa aliyeshika kalamu. Mke wangu LaVonne naye anawasalimu, kwa maneno ambayo nimeyapunguza.

Wenu, nikiwa bado palepale nilipozaliwa,
Orrin Haugen

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nilimsomea Petrik. Alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa miwani, akasema, "Ile hoja ya kwanza ifute. Tangu Agnes afariki napigia chama chako." Nikamuuliza mbona ananibishia njia nzima. Akasema, "Ningenyamaza, ungenipitia kwa sababu gani?"

Basi mstari uacheni hapo ulipo. Siku ya kura nitampeleka kaskazini kwanza, nimngoje nje, kisha twende wote kusini. Ameshaanza kuniambia njia niliyochagua ni ya mtu asiyejua kuendesha.